Ukisailiwa na mashine: nani anasikiliza, nani anaamua

Ujumbe unaingia kwenye simu: hongera, maombi yako yamepita hatua ya kwanza, bofya kiungo hiki ufanye usaili ndani ya saa 72. Hakuna jina la mtu. Hakuna ofisi ya kwenda wala saa ya kufika. Ukitaka, unaweza kuufanya saa nane usiku. Furaha ya kuitwa inachanganyika na maswali. Nitazungumza na nani? Nikikwama neno moja, ndiyo basi? Inaniangalia macho? Na nikikosa kazi, nitakuwa nimekataliwa na mtu au na kompyuta?

Maswali haya nayasikia kila mara kutoka kwa watu wanaotafuta kazi, na majibu mengi yanayozunguka mitandaoni yanawaongezea hofu tu. Kuna wanaoapa kwamba mashine husoma uso na kugundua uongo. Kuna wanaouza orodha za maneno ya siri, yanayodaiwa kuifanya mashine ikupe alama. Kuna waliokata tamaa kabisa na kuacha viungo vya usaili vife bila kubofywa, wakiamini hakuna mtu upande wa pili. Naandika hasa kwa ajili ya hao wa mwisho, kwa sababu wanajinyima nafasi kwa kuogopa kitu ambacho hakuna aliyewaeleza.

Jambo moja ukilishika, mengine yote yatajipanga nyuma yake: katika sehemu kubwa ya usaili wa aina hii, sauti yako hugeuzwa kuwa maandishi, na kinachopimwa ni maandishi hayo.

Kwanza tuelewane maneno

Akili mnemba, ambayo wengine huiita akili bandia au akili unde, ni programu ya kompyuta iliyofunzwa kwa mifano mingi mno, hadi ikaweza kufanya kazi tulizozoea kuziona zikifanywa na watu: kuelewa maneno, kuuliza, kufupisha, kulinganisha. Modeli ya lugha ni aina mojawapo ya programu hizo, ile iliyofunzwa kwa maandishi, na ndiyo inayokaa nyuma ya msaili wa mashine.

Shida ni kwamba "usaili wa akili mnemba" ni jina moja lililobebeshwa vitu tofauti. Upo usaili wa kujirekodi: swali linatokea kwenye kioo, unapewa muda mfupi wa kufikiri, kisha kamera inawaka na unajibu kwa dakika moja hadi tatu. Hapo hakuna anayekujibu, unazungumza na kamera. Upo usaili wa kuandikiana, ambapo maswali yanakuja kama ujumbe wa simu nawe unajibu kwa maandishi. Na upo ule unaowashangaza watu zaidi, usaili wa mazungumzo, ambapo sauti ya mashine inakusalimu, inauliza, inasikiliza, kisha inauliza swali linalofuata kutokana na ulichojibu. Huu wa mwisho unaweza kuja kwa simu ya kawaida au kwa video, wakati mwingine ukiwa na sura ya mtu iliyochorwa na kompyuta.

Kabla ya kubofya chochote, soma mwaliko ujue ni upi kati ya hiyo. Maandalizi yake hayafanani. Katika kujirekodi, adui ni saa. Katika mazungumzo, kama tutakavyoona, adui ni kimya.

Karani kati yako na mwajiri

Fikiria mtu anayeandikiwa barua. Anakaa mbele ya karani, anasema, karani anaandika. Barua inasafiri. Anayeipokea hakuona mkono ulionyooshwa kuonyesha "kule", hakusikia kicheko cha katikati ya sentensi. Ana karatasi tu, na kwa karatasi hiyo atamjua aliyeituma.

Usaili wa mashine uko hivyo hivyo. Programu moja inasikia sauti na kuiandika. Nyingine, ile modeli ya lugha, inasoma kilichoandikwa na kuamua iulize nini. Mazungumzo yakiisha, maandishi yote yanalinganishwa na mwongozo wa alama uliotokana na kazi yenyewe: je, ameonyesha uzoefu na wateja? Ameeleza alivyotatua tatizo? Kisha muhtasari, alama, na mara nyingi maandishi yenyewe pamoja na rekodi, vinawekwa mbele ya mwajiri. Mtu anayeweza kukuajiri anakutana nawe kwanza kama ukurasa wa kusoma.

Karani huyu ni mwepesi, lakini hasikii watu wote sawasawa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo ya kupima programu za kampuni 5 kubwa za teknolojia, Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft, kwa kutumia mahojiano ya watu wa Marekani. Kwa wazungumzaji Weupe, programu zilikosea wastani wa maneno 19 katika kila 100. Kwa wazungumzaji Weusi zilikosea 35. Programu zimeboreshwa tangu wakati huo, lakini somo lake bado linatuhusu sana sisi ambao Kiingereza ni lugha ya pili au ya tatu. Lafudhi yako haina kosa lolote. Kosa ni la mashine iliyofunzwa kwa sauti za watu wachache. Ila anayeumia ni wewe, kwa hiyo mpunguzie karani kazi.

Namna ya kumpunguzia ni nyepesi. Vaa visikilizi vyenye maikrofoni badala ya kutegemea ile ya kompyuta iliyo mbali na mdomo. Kaa chumba chenye mapazia, vitanda au nguo. Chumba kitupu kina mwangwi. Usijaribu kuiga lafudhi ya watu wengine, maana lafudhi ya kuiga hupotosha maneno kuliko ya kwako. Punguza mwendo kidogo, na malizia maneno. Majina ya pekee, kama la mtu, la mahali ulipofanya kazi au la programu uliyotumia, yataje taratibu na ueleze ni kitu gani: "nilifanya kazi katika ghala la vipuri" inaeleweka hata kama jina la ghala limeandikwa vibaya. Kama usaili ni wa Kiingereza, shikilia Kiingereza hadi mwisho wa sentensi. Karani aliyewekwa kwa lugha moja, ukimchanganyia, hatakuuliza ulimaanisha nini. Ataandika neno lolote linalofanana na alichosikia, na litakaa pale.

Jizoeze pia kusema bila vidole. "Pale", "ule mfumo wetu", "yule bosi" havina anwani kwenye karatasi. Sema ni wapi, ni mfumo wa nini, ni bosi wa kitengo gani.

Kimya, na namna ya kuishi nacho

Hili naomba nilikalie kidogo, kwa kuwa ndilo linalowaangusha watu hodari.

Watu wawili wakizungumza, anayesikiliza hanyamazi kabisa. Anaitikia: ehee, naam, kumbe. Anatikisa kichwa. Akikuona umetazama juu ukitafuta neno, anakuachia. Hujui ni kiasi gani unaegemea ishara hizo hadi siku utakapozungumza na kitu kisichozitoa. Unasema sentensi mbili, husikii chochote, unadhani umeharibu, unaanza kujirudia. Wengi wametoka kwenye usaili wakiamini wamefeli kwa sababu tu hakuna aliyewaitikia.

Upande wa mashine nao una kikwazo chake. Inatakiwa ijue umemaliza kusema lini, na ishara yake kubwa ni kimya. Ukinyamaza kwa kitambo kifupi, pengine sekunde moja au mbili tu, huenda ikaona zamu yako imekwisha na kuruka swali lingine. Kwa mtu mwenye tabia ya kufikiri kabla ya kusema, tabia tuliyofundishwa kuiheshimu, huo ni mtego.

Dawa ni kusema kwa sauti kile ambacho mbele ya mtu ungekionyesha kwa uso. "Naomba sekunde chache nifikirie mfano mzuri." Mifumo mingi ya mazungumzo hulielewa hilo na kusubiri. Ukikatizwa, usikasirike wala usiliache jibu likiwa nusu: "Sijamaliza jibu la swali lililopita, naomba niendelee." Usipoelewa swali, omba lirudiwe au liulizwe kwa maneno mengine. Mashine haichoki kuulizwa na haitakuona mzito wa kuelewa. Na ukimaliza, maliza kwa wazi: "Hivyo ndivyo nilivyolishughulikia." Kisha nyamaza, usubiri. Kimya kitakachofuata ni cha mashine kusoma ulichosema, hakina maana nyingine.

Kwa anayejirekodi mambo ni kinyume. Pale saa inahesabu na haikungoji. Soma masharti: unaruhusiwa kurudia mara ngapi? Muda wa jibu ni kiasi gani? Mifumo mingi ina swali la majaribio lisilohesabiwa. Lifanye, halafu jisikilize. Kusikia sauti yako mwenyewe mara moja kutakufunza kuliko ushauri wangu wote.

Mwenye kigugumizi, anayesikia kwa shida au mwenye hali yoyote inayobadilisha usemaji wake anabeba mzigo mzito zaidi hapa, na sitaki kuupamba. Mfumo unaohesabu sekunde za kimya haukujengwa ukimfikiria yeye. Kwa hiyo aombe njia nyingine mapema, kabla ya usaili, bila kuona haya. Mwishoni nimeweka maneno ya kutumia.

Alama zinatoka wapi

Waajiri walikuwa na wazo la usaili wenye mpangilio muda mrefu kabla ya mashine hizi: kila mwombaji aulizwe maswali yale yale, na majibu yapimwe kwa kipimo kile kile. Tafiti za miaka mingi za saikolojia ya kazi zimeonyesha kwamba usaili wa namna hiyo hutabiri utendaji wa mtu vizuri kuliko soga la kawaida ambalo msaili anauliza linalomjia. Mashine imechukua wazo hilo na kulifanya kwa maelfu ya watu. Ndiyo maana maswali mengi yatakuwa ya aina moja: tueleze wakati ulipofanya jambo fulani.

Tuchukue swali la kawaida, "Tueleze ulivyomhudumia mteja aliyekasirika," na tusome majibu mawili kama yatakavyosomwa, yaani bila sauti wala tabasamu.

La kwanza: "Mimi ni mtu mvumilivu sana na napenda watu. Wateja ni wa aina nyingi, inabidi uwe na hekima. Mimi huwa namsikiliza mteja na kuhakikisha ameridhika, na wengi wananipenda kwa sababu najituma."

La pili: "Mteja alipiga simu akilalamika kwamba mzigo wake umechelewa siku 4. Nilimwacha amalize, kisha nikamwomba namba ya oda. Nikagundua tuliandika anwani vibaya sisi wenyewe. Nilimwambia wazi kwamba kosa ni letu, nikapanga mzigo utoke siku ileile, na jioni nikampigia kuhakikisha umefika. Baadaye nilipendekeza tumsomee kila mteja anwani yake kabla ya kufunga oda, na kitengo chetu kikaanza kufanya hivyo."

Huyu wa kwanza huenda ndiye mwenye uso mchangamfu na sauti ya kupendeza. Ana kwa ana, msaili angemuuliza, "Nipe mfano," na mambo yangenyooka. Mashine nzuri nayo itamuuliza hivyo, lakini iliyotengenezwa ovyo itapita. Kwenye karatasi, jibu lake halina tukio hata moja. La pili lina tatizo, lina alichofanya mtu huyu hasa, lina matokeo, na lina kilichobadilika baadaye. Mwenye mwongozo wa alama, awe mtu au programu, ana pa kuweka tiki.

Tazama pia nafsi. Tumelelewa kusema "tulifanya" hata pale mtu alipofanya peke yake, ni adabu njema. Kwenye usaili huu "tuli-" inakuficha. Sema kitengo kilifanya nini kwa sentensi moja, kisha useme wewe ulifanya nini.

Kwa hiyo maandalizi yenye manufaa ni haya: chukua tangazo la kazi, pigia mstari kila sifa inayotakiwa, na kwa kila sifa tafuta tukio moja la kweli katika maisha yako ya kazi, masomo au kujitolea. Matukio matano au sita yanatosha kujibu karibu kila swali. Usiyakariri neno kwa neno. Kumbuka lilianzaje, ulifanya nini, likaishaje.

Yanayosemwa na yaliyo kweli

*Mashine inasoma uso na kugundua uongo.* Hofu hii haikutoka hewani. Kampuni ya Marekani ya HireVue, mojawapo ya wauzaji wakubwa wa mifumo hii, kweli iliwahi kuchambua nyuso za waombaji kwenye video. Ilishtakiwa hadharani na watetezi wa faragha mwaka 2019, na Januari 2021 ikatangaza kwamba imeachana na uchambuzi huo. Mwaka 2019 pia wanasayansi watano, akiwemo mwanasaikolojia Lisa Feldman Barrett, walipitia tafiti nyingi na kuhitimisha kwamba uso peke yake hauwezi kutegemewa kueleza mtu anahisi nini: watu hukunja uso wakiwa na hasira, na pia wakiwa wanafikiri. Katika Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 2 Februari 2025, ni marufuku kutumia akili mnemba kubaini hisia za watu mahali pa kazi, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama.

Siwezi kukuapia kwamba hakuna muuzaji mahali fulani anayefanya hivyo bado. Mwaka 2021 waandishi wa shirika la utangazaji la umma la Bavaria, Ujerumani, walijaribu mfumo mmoja wa kupima haiba kwa video, wakaona alama za mtu yuleyule zikibadilika alipovaa miwani au kitambaa kichwani, hata alipowekewa kabati la vitabu nyuma. Mfumo wa namna hiyo haufai kumpima mtu yeyote, na mwaliko ukisema wazi kwamba sura yako itachambuliwa, una kila sababu ya kuuliza. Kwa mengine, panga mwanga na mandhari safi kwa ajili ya mtu atakayefungua video yako baadaye, basi. Huna haja ya kutabasamu kwa ratiba.

*Kuna maneno ya siri.* Hakuna. Programu za zamani za kuchuja wasifu zilitafuta maneno kama mtu anavyotafuta jina kwenye orodha, na imani hiyo imebaki. Modeli za lugha za sasa husoma maana ya sentensi. Ni vyema kutumia maneno ya fani yako kama yalivyo kwenye tangazo, lakini kuyarundika bila tukio kutakuacha na lile jibu la kwanza hapo juu.

*Mashine haina upendeleo kwa sababu haina moyo.* Hili ni la hatari kuliko yote, na linasemwa hata na wasomi. Mwaka 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba Amazon ilitupa programu ya majaribio ya kupanga wasifu wa waombaji. Ilikuwa imefunzwa kwa wasifu wa miaka 10, mwingi wa wanaume, na ikajifunza kushusha wasifu uliotaja neno "wanawake", kwa mfano katika jina la klabu ya sataranji ya wanawake. Hakuna aliyeiagiza. Ilisoma yaliyopita na kuyarudia. Mfumo uliofunzwa kwa uamuzi wa watu unarithi upendeleo wao, kisha unautumia kwa kasi ambayo hakuna msaili mmoja angeweza.

*Basi ni bora kukataa.* Hapana, na hapa ushahidi ulinishangaza mimi mwenyewe. Mwaka 2025 wachumi Brian Jabarian na Luca Henkel walitoa utafiti uliohusu waombaji wapatao 70,000 wa kazi za huduma kwa wateja nchini Ufilipino. Kwa bahati nasibu, baadhi walisailiwa na watu na wengine na mashine ya sauti. Uamuzi wa kuajiri ulibaki kwa watu katika makundi yote. Waliosailiwa na mashine walipata ofa za kazi kwa asilimia 12 zaidi, na walipopewa nafasi ya kuchagua, asilimia 78 walichagua mashine. Mashine iliwatoa watu maelezo mengi zaidi yanayohusu kazi yenyewe. Hizo zilikuwa kazi za kuanzia, zenye maswali yanayofanana, kwa hiyo usiyapeleke matokeo hayo moja kwa moja kwenye kazi ya mkurugenzi au ya daktari bingwa. Lakini mtu mwenye haya mbele ya wakubwa, au aliyezoea kuonwa mdogo na wasaili, huenda akajikuta anapumua vizuri zaidi mbele ya mashine.

*Mashine ndiyo inayoamua.* Kampuni nyingi hujibu kwamba mtu ndiye anayeamua. Mara nyingi ni kweli, ila jibu hilo lina tundu. Kama mfumo umewapanga watu 500 kwa alama na afisa akasoma 20 wa juu, mtu ameamua juu ya hao 20. Waliobaki 480 hakuna aliyewasoma. Swali la kuuliza, basi, ni kama kuna anayesoma majibu ya waliopata alama za chini. Waajiri waungwana wana jibu.

Kukwama, na kudanganya

Mifumo hukwama. Mwaka 2025 ilisambaa video ya mwombaji mmoja ambaye msaili wake wa mashine alinasa akarudia maneno yale yale mfululizo, naye amekaa anatazama. Likikutokea, piga picha ya kioo, andika saa, funga, kisha mwandikie mwajiri siku hiyohiyo ukiomba kurudia. Usikubali kimya kimya kwamba nafasi imekwenda. Na kabla ya kuanza, hakikisha chaji na bando vinatosha, kwa kuwa kukatika kwako hakutofautishwi kirahisi na kukata tamaa.

Je, nami nitumie akili mnemba kujibu? Kujiandaa nayo, ndiyo kabisa: ipe tangazo la kazi, iambie ikuulize maswali, jibu kwa sauti, rudia. Kusoma majibu yake wakati wa usaili ni jambo lingine. Baadhi ya mifumo hurekodi ukihama ukurasa, na jibu la kusomwa lina mwendo wake, mtu yeyote anayesikiliza rekodi ataujua. Kubwa zaidi, mbele kuna usaili na watu watakaokuuliza kuhusu tukio ambalo hukulifanya. Waajiri wameingiwa na wasiwasi kwa sababu ya kweli: Juni 2022 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilionya kwamba kuna watu wanaoomba kazi za mbali kwa kutumia sura na sauti za kughushi. Kwa hiyo usishangae ukitakiwa kuonyesha kitambulisho au kugeuza uso mbele ya kamera.

Hapo ndipo matapeli nao wanapopita. Usaili wa mashine ni rahisi kuigiza, na anayekurekodi anabaki na sura yako, sauti yako na jina lako. Usibofye kabla ya kuthibitisha kwamba nafasi imetangazwa kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, uliyoifungua wewe na si kupitia kiungo ulichotumiwa. Mwajiri wa kweli hatakudai ada ya usaili. Hahitaji nywila, wala namba ya siri ya benki, wala ile namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yako. Wala hakuna sababu ya msaili kukutaka usome kwa sauti sentensi kama "ndiyo, nakubali kufungua akaunti".

Unachoweza kudai

Sheria zinatofautiana, lakini mwelekeo unaonekana. Jimbo la Illinois, Marekani, tangu Januari 2020 linamtaka mwajiri anayechambua video za usaili kwa akili mnemba akujulishe kabla, akueleze inavyofanya kazi, apate ridhaa yako, na afute video ndani ya siku 30 ukiomba. Jiji la New York lilianza Julai 2023 kusimamia sheria inayotaka mifumo ya namna hii ikaguliwe upendeleo kila mwaka na mwombaji ajulishwe mapema. Umoja wa Ulaya umeiweka mifumo ya kuajiri kwenye kundi la hatari kubwa, na sheria yake ya data inayotumika tangu Mei 2018 inampa mtu kinga dhidi ya uamuzi mzito unaofanywa na mashine peke yake. Nchi nyingi nyingine zina sheria za ulinzi wa taarifa binafsi zinazokuruhusu kuuliza nini kimehifadhiwa kukuhusu. Hata pasipo na sheria, kuuliza kwa adabu hakujawahi kuwa kosa. Unaweza kuandika hivi:

"Nashukuru kwa mwaliko wa usaili na niko tayari kuufanya. Naomba kufahamu mambo machache: je, majibu yangu yatapewa alama na mfumo, na ni nani atakayeyasoma baada ya hapo? Je, sura au sauti yangu itachambuliwa, au ni maneno pekee? Rekodi itahifadhiwa kwa muda gani? Pia, kwa sababu ya hali yangu ya usemaji, naomba muda wa ziada au usaili na mtu kama inawezekana."

Sentensi ya mwisho iondoe kama haikuhusu. Na utume ujumbe huo kabla ya kubofya kiungo, kwa sababu baadhi ya mifumo huanza kuhesabu muda mara tu unapokifungua.